Misumari ya Kupimia Nyuzi

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Uliniambia nisipige tena simu, kwamba sauti yangu inakufikia kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Basi nimenunua karatasi na bahasha, na mkono wangu umeshaanza kuuma kabla sijasema lolote.

Nina habari. Kiongozi wa kikundi chetu amenipa kiti cha mbele. Mpiga udi mkuu amestaafu, mgongo umemshinda, na mimi nimewekwa mahali pake kwa majaribio mpaka siku ya kufungua ukumbi mpya, mwishoni mwa Mei. Nikifanya vizuri siku hiyo, kiti ni changu moja kwa moja. Nikiboronga, kuna wenzangu wawili wanaokitolea macho hicho kiti hata nikiwa nimekikalia. Unajua nimekitamani tangu nilipokuwa nawapigia sufuria hapo nyumbani mpaka mnanifukuza.

Naomba unichagulie nyuzi, seti nzima na ya akiba. Udi ni uleule wa Baba, uso wake mwepesi, kwa hiyo usiniletee nzito zikaja kuung'oa. Nyuzi nyembamba sina wasiwasi nazo. Shida ni zile nene, zilizovingirishwa waya. Nataka ukizigusa sauti ikae, isife mdomoni. Za madukani huku zinang'aa sana na hazina kitu. Mimi nyuzi za kuchaguliwa na mtu mwingine asiyekuwa wewe sijawahi kuzifunga, na sitaki kuanza sasa.

Mdogo wako,
Chiriku


15 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kiti cha mbele! Baba angekuwepo angejifanya hamnazo, kisha angekwenda kuwatangazia watu mtaa mzima.

Nyuzi hizi hapa. Nimezichagua vile tunavyochagua sisi. Nimepigilia misumari miwili kwenye meza ya kazi, urefu wa udi wa Baba kamili, nyuma yake nikatandika kile kitambaa cheusi. Nikafunga uzi mmoja mmoja, nikauvuta kwa kucha na kuutazama unavyotetemeka. Uzi mwema unafunguka ukawa kingo mbili safi, katikati hamna kitu. Ukiona mstari wa tatu unahangaika mle ndani, huo ni mbovu, utupe. Nilizokuwekea zote zimefunguka kama pazia.

Tunachukua kwa muuzaji mpya sasa, yule mzee wa zamani amefunga duka. Huyu ni kijana anayemung'unya maneno utadhani ana kiazi moto mdomoni, kila kitu mpaka arudie, lakini nyuzi zake zimesokotwa sawasawa kuliko zote nilizowahi kuona. Wateja ndio wamepungua, wamekimbilia vyombo vya umeme. Mwalimu wa muziki, yule wa kofia, alirudisha zake akidai hazisemi. Nilimwonea huruma. Umri umemfikia, masikio yameanza kuchoka, na nani wa kumwambia?

Mama Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, anakusalimu. Tumenuniana kidogo. Anasema redio yangu inamtoboa kichwa, na mimi redio yenyewe nataka kuitupa, imezeeka, inanong'ona tu.

Kaza polepole. Zipe muda zinyooke.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Nyuzi zimefika salama, asante. Nimezifunga kama ulivyoelekeza, nikazikaza taratibu, nikaziacha zikanyooka. Nyembamba hazina neno.

Ila hizi nene, sijui nisemeje. Nikizipiga zinatoa mlio mfupi, kama mtu aliyegonga meza, basi, umekwisha. Nimefunga na za akiba, mambo ni yaleyale. Na kwa kuwa sauti inakufa haraka hivyo, nashindwa hata kuziweka sawa. Kabla sijaamua kama uzi uko juu au chini, umeshanyamaza.

Labda ziliingiwa na unyevu njiani. Naomba nyingine ukipata nafasi. Mazoezi yameanza na Kiongozi si mtu wa kubembeleza.

Chiriku


7 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekutumia seti nyingine. Nimezipima mbele ya dirisha, mchana kweupe, nikazirudia. Hazina kasoro. Zile za kwanza pia hazikuwa na kasoro, na unyevu hauwezi kuua uzi uliofungwa vizuri kwenye karatasi ya nta.

Sasa nina maswali, na ujibu bila utani wako. Kiongozi anaposema nawe, unamsikia vizuri au mpaka umtazame usoni? Sauti za wanawake na za watoto, zinakufikia kama zamani? Ukiziba sikio moja kisha la pili, kuna tofauti? Unasikia mvumo wowote kichwani kukiwa kimya?

Usiniulize kwa nini nauliza. Nijibu tu.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Maswali yako nimeyasomea wenzangu tukacheka. Mmoja amesema labda unanitafutia kazi ya ulinzi. Namsikia Kiongozi vizuri kupita ninavyotaka, na mvumo ninao, unaitwa njaa.

Utani umeishia hapo. Nyuzi mpya ni bubu kama za kwanza. Juzi Kiongozi alisimamisha mazoezi, watu wote na vyombo vyao mkononi, akaniambia udi wangu hausikiki na ukisikika hauko sawa na wenzake. Nikauweka sawa. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, "Bwana mdogo, masikio yako umeyaacha wapi?" Wale wawili walikuwa wanatazama chini, ila mabega yao niliyaona yanacheka.

Nilitaka kumwambia ni nyuzi. Nikashindwa, maana nyuzi ni zako, na tangu nizaliwe hujawahi kunichagulia uzi mbovu. Sasa nitauliza, na ukikasirika ukasirike. Kuna kitu moyoni mwako? Baba aliniachia mimi udi, wewe akakuachia meza na misumari. Hukuwahi kusema neno. Ukinitumia makapi ukawauzia wengine yaliyo bora, nitakuelewa, lakini niambie nijue moja.

Chiriku


27 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imeniuma, lakini si pale ulipokusudia. La udi na meza nimelisamehe kabla sijamaliza mstari. Yaliyoniondolea nguvu ni mengine.

Kaa chini usome.

Wewe uliambiwa kwamba Baba alipata homa kali, akaamka hasikii. Hayo Mama aliyatunga kwa ajili yako, ulikuwa bado mdogo, na mimi nikaapishwa nisiyaguse. Hakukuwa na homa. Baba alianza kwa kulaumu nyuzi.

Kwanza alisema zile nene zimekufa. Akazirudisha kwa muuzaji, akapewa nyingine, akazirudisha hizo nazo. Wakagombana mpaka wakaacha kusalimiana, watu waliokuwa marafiki tangu ujana. Akaagiza mbali. Akasema hata wa mbali ni wezi. Baadaye akaanza kusema sisi nyumbani tunanong'ona, tunamteta. Mama alikuwa akizungumza kwa sauti ya kawaida na Baba anamwuliza anaficha nini. Niliona yote hayo, na sikujua ninachokitazama.

Halafu ikaja ile hafla kwenye bustani ya daktari. Nilikuwepo, nilimbebea udi. Baba alipiga vizuri mwanzo. Uzi mmoja mnene ukalegea kwenye kigingi chake, ukawa unatoa sauti mbaya kabisa, na yeye anaendelea. Watu waliokuwa wanaongea wakanyamaza wote. Baba akaona midomo imetulia na nyuso zimemgeukia, akadhani amewashika. Akatabasamu. Akaongeza nguvu. Sijawahi kusahau lile tabasamu, na sijui kama alikuja kuelewa kwa macho ya watu au kwa mkono wa mwenye nyumba uliomshika begani. Tangu siku hiyo udi ulikaa ukutani mpaka alipokupa wewe.

Shangazi aliniambia hata babu yalimkuta, na umri wake ulikuwa kama huu wetu. Ni kitu cha damu yetu. Miaka yote nimekuwa nikikuchunguza bila wewe kujua. Kila ukiniambia "unasemaje?" moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilifikiri kimekupita.

Nenda kwa daktari wa masikio. Usingoje ukumbi ufunguliwe. Sitaki ukae mbele za watu ukitabasamu vile.

Dada yako anayekupenda


9 Mei

Dada,

Barua yako nimeikunja ndogo kabisa nikaiweka mfukoni, kisha nikaitoa, kisha nikairudisha. Wenzangu wameniuliza nani amefariki.

Sijaenda kwa daktari. Nimefika mpaka kwenye ngazi zake, nikaona watu wamekaa kwenye benchi, nikageuka. Nilijiambia kama sijaambiwa, bado. Lakini tangu uliponiandikia sina raha. Bomba la maji likidondoka nasimama nione kama nalisikia kwa masikio yote mawili. Mtu akiongea polepole nahisi jasho. Asubuhi nauinamia udi, napiga uzi mnene, unakufa, na sasa sijui tena unafia wapi, kwenye mti au kichwani mwangu. Zamani ningekuambia bila kusita kwamba ni uzi. Siku hizi siwezi kuapa.

Kiongozi alinisahihisha tena juzi mara mbili. Mara zote mbili nilidhani niko sawa.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na naomba usinilaumu. Jana nilikwenda ofisini kwake nikamwambia kiti ampe mwingine. Aliniuliza sababu. Nikasema mambo ya nyumbani. Akasema alikuwa ananitarajia mimi, kisha akanipa mkono. Sikutaka linikute mbele ya watu kama lilivyomkuta Baba. Hilo tabasamu ulilolieleza naliona kila nikifumba macho.

Udi nimeufunika. Siku nikipata nguvu nitapanda zile ngazi.

Chiriku


12 Mei

Mwanangu Chiriku,

Ni mimi Mama Sindano, jirani yenu. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha uliyomwandikia dada yako. Alikuwa ameiacha juu ya meza, nami sikuifungua, naomba unielewe, mimi ni mtu wa kushona tu si wa kupekua. Hati yangu utaivumilia.

Nakuandikia kwa siri, maana aliniapisha nisikutie wasiwasi. Lakini yaliyotokea Jumatatu yamenishinda kumeza.

Lori la mbao lilikuwa linarudi nyuma kuingia kwa seremala. Dada yako alikuwa anavuka, ana kifurushi cha nyuzi kwapani. Dereva anapiga honi, utingo anapiga bodi, sisi wote tunapiga kelele barazani. Yeye anatembea tu, taratibu, amelipa lori mgongo. Nilitupa nguo ya watu nikamkimbilia, nikamvuta kwa gauni mpaka likachanika. Akaniuliza kwa hasira nina wazimu gani. Alipogeuka akaliona lile tairi lilipo. Kisha akaniambia, "Mbona hawakupiga honi?"

Mwanangu, dada yako hasikii. Si leo wala jana. Sisi tumeshazoea, tunazunguka tukamwone usoni ndipo tuseme, maana anasoma midomo ingawa mwenyewe sidhani kama anajua kwamba anaisoma. Ukimwambia kitu umegeukia ukuta anakujibu kingine. Redio yake inasikika mpaka kwa kinyozi. Yule kijana anayeleta nyuzi ana ndevu zimefunika midomo, ndiyo maana anamgombeza kila siku kwamba anamung'unya. Nyuzi anazitazama vizuri, nimemwona na misumari yake. Kuzisikiliza, sijamwona siku nyingi.

Wateja hawakukimbilia vyombo vya umeme. Walimrudishia nyuzi, akawaambia masikio yao yamechoka. Wakaondoka kwa heshima.

Nilijaribu kumwambia mara moja. Alininunia, akasema naonea wivu redio. Wewe ni damu yake, labda atakusikiliza. Nimeandika neno hilo likaniuma, lakini sina jingine.

Mama Sindano


20 Mei

Dada yangu,

Hii ni barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa hiyo nitaiandika pole pole, na wewe uisome pole pole.

Nimepanda zile ngazi. Daktari alinivalisha vile vyombo vya kichwani, akanifungia kwenye chumba kidogo, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia kitu. Alipotoka na karatasi yake alisema masikio yangu ni mazima. Nikamwomba anipime tena. Akanipima tena, akaanza kunikasirikia.

Nilirudi nikaazima seti iliyotumika kwa mwenzangu, nyuzi chakavu zimeshika kutu kidogo. Nikazifunga kwenye udi wa Baba. Dada, udi uliamka. Nilivuta ule mnene wa mwisho, sauti ikakaa mpaka jirani yangu akafungua mlango kutazama. Kisha nikamwita mwenzangu, nikafunga zako, yeye akiwa hajui za nani. Alipiga mara moja tu akauliza nimeokota wapi takataka hii.

Nyuzi zako ni nzuri kwa macho. Zimesokotwa sawa, zinafunguka kingo mbili kama ulivyosema, nimezitazama mwenyewe. Lakini hazina sauti, na mtu yeyote akizipiga anasikia hivyo. Yeyote anayesikia.

Mwalimu wa muziki alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi. Na Kiongozi hakuwa na kosa, alisikia alichokisikia.

Najua kuhusu lori. Usimgombeze aliyeniambia, bila mkono wake nisingekuwa na wa kumwandikia. Naomba ufanye kitu kimoja kabla hujanijibu. Chukua uzi wa zamani, wowote uliochaguliwa na Baba akiwa mzima, ufunge pamoja na mmoja wa hizi mpya. Fumba macho. Vuta huu, vuta ule. Kisha uniandikie ulichosikia, na uniambie ukweli.

Kiti kimeshakaliwa. Sitaki ulizungumzie hilo. Nitafika kwako Jumamosi ya pili ya Juni, jioni, nimeshakata tiketi.

Mdogo wako,
Chiriku


26 Mei

Mdogo wangu,

Siku barua yako ilipofika nilikwenda kwa Mama Sindano nikamtukana. Nilimtukana mbele ya wateja wake, maneno ambayo Mama angenichapa kwayo. Alinitazama tu huku machozi yanamtoka, na watu wote barazani walikuwa wanatazama pembeni. Nikajiona nilivyosimama. Nyuso zimetulia, midomo imefungwa, na mimi naendelea. Ndipo nikakumbuka nimewahi kuliona hilo kutoka upande mwingine.

Nikarudi ndani nikafanya ulivyosema. Uzi wa Baba nilikuwa nao kwenye kopo la vifungo. Nikaufunga karibu na mmoja wa hizi mpya, nikafumba macho. Nikavuta, nikavuta tena. Sikujua nimevuta upi. Kulikuwa na mtetemo kwenye kucha, na kitu chembamba sana mbali, ambacho huenda nilikikumbuka tu. Nilipofumbua macho nyuzi zote mbili zilikuwa zimefunguka vizuri, kingo safi.

Wewe nilikuchunguza tangu utotoni. Kila "unasemaje" yako niliihesabu. Zangu sikuzihesabu hata moja. Nilisema simu mbovu, redio mbovu, kijana anamung'unya, mwalimu amezeeka. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu. Umenikataza kuzungumzia kiti, lakini nitasema mara moja kisha ninyamaze: nilikuwa nakulinda, na kwa kukulinda huko ndiko nilikokung'oa mahali ulipopatamani maisha yako yote. Naogopa, Chiriku. Naogopa kazi hii, maana sijui nyingine. Naogopa barabara. Na kuna jambo dogo linalonisumbua kuliko yote: najaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyoisikia sauti yako sawasawa ulikuwa unasema neno gani, na silipati.

Jumamosi hiyo ukifika usipige hodi, utasimama nje bure. Mlango nitauacha wazi. Ingia moja kwa moja, uzunguke meza, uje mbele yangu nikuone.

Dada yako